Harusi iliyoacha wakwe hawasalimiani: je, nikubali kuandaa nyingine?

Shikamoo Bi Mshauri,

Mimi ni mwanamke wa miaka 34, kifungua mimba katika familia ya watoto watano, na ninaishi katika mji mdogo wa mashambani wenye barabara moja, zahanati moja na soko moja, ambamo mtu akikohoa upande wa juu hupewa pole na watu wa upande wa chini. Ninakuandikia ikiwa ni wiki ya tano tangu mdogo wangu wa kike aolewe na kijana wa mji huu huu, katika harusi ambayo hadi leo inasimuliwa kila waliposimama watu wawili, na kila inaposimuliwa huongezwa jambo.

Baba yetu ni marehemu. Wazee wanaotusimamia ni wawili, baba mkubwa na mjomba, na katika maisha yangu yote sijawaona wakikubaliana hata juu ya mvua kama inanyesha au bado. Walinikabidhi maandalizi yote mbele ya mama, wakasema kwamba mimi ndiye mwenye utulivu, kisha kila nilichokipanga asubuhi kikapanguliwa na mmoja wao kabla ya jioni. Niliorodhesha wageni 180 na kukodi viti 200. Baba mkubwa akaalika watu wake kwa mdomo, na mjomba, alipoona kwamba akinyamaza ataonekana hana watu, akaalika wa kwake. Niliacha kuhesabu wageni walipopita 400. Kila mzee alileta pia mshereheshaji wake, na kila mshereheshaji alikuwa ameambiwa kwamba ni yeye peke yake, kwa hiyo kwa muda wa saa nzima mmoja alikuwa akitangaza jambo na mwenzake akilisahihisha.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Mfungishaji ndoa, tuliyemtarajia saa nne asubuhi, alikwama matopeni njiani, akafika saa tisa alasiri akiwa ameshika viatu mkononi. Umeme ulikuwa umekwisha kukatika. Tuliwasha jenereta nje, mvua ikarudi, vijana wakaivuta hadi ndani ya turubai kubwa, kwenye pembe iliyokuwa nyuma ya meza za watu wa bwana harusi, na kuta za turubai zikateremshwa ili wageni wasilowe. Meza hizo nilizipanga mimi mwenyewe karibu na jukwaa kwa kuwaheshimu wakwe. Katikati ya kiapo cha mdogo wangu jenereta iliishiwa mafuta ikazimika, kiza kikaingia, na mwanga uliopatikana ulikuwa wa simu tu. Alilazimika kukirudia kiapo chote tangu mwanzo. Rejista nayo ilitiwa saini kwa mwanga huo huo wa simu. Shahidi wa upande wetu alikuwa ametumwa kutafuta mafuta ya jenereta, kwa hiyo mtoto wa mjomba, mwenye umri wa miaka 16, aliitwa akatia saini badala yake.

Baada ya jenereta kuwashwa tena, sherehe iliendelea kwa zaidi ya saa mbili bila chakula kutoka, kwa sababu wapishi walikuwa wakihangaika chakula cha watu 180 kiwatoshe watu 400. Watu wa bwana harusi wakaanza kulalamika kwamba vichwa vinawauma na kwamba wanasikia kichefuchefu. Bibi yake bwana harusi alianguka kutoka kwenye kiti. Alibebwa nje, akalazwa barazani kwa jirani, na baada ya muda akaomba maji na kuuliza kama bibi harusi amekwisha kula. Hadi wakati huo walikuwa wamepewa vinywaji tu, vile vile tulivyokunywa sisi.

Kwa kuwa muda ulikuwa umekwenda sana, nilimpelekea mshereheshaji mmoja kikaratasi kwamba hotuba zote zisizidi dakika mbili. Baba wa bwana harusi alisimama na karatasi zake, akasema kama sentensi tatu hivi, muziki ukapigwa na kipaza sauti kikachukuliwa. Alikunja karatasi zake, akazirudisha mfukoni, akaketi. Kisha baba mkubwa akakishika kipaza sauti hicho hicho na kusema kwa karibu nusu saa, pasiwe na wa kumzuia, hadi mjomba alipoinuka akitaka na yeye apewe nafasi. Wakavutana mbele ya watu wote, na meza ya zawadi ikapinduka. Wakwe wakasimama kwa pamoja, wakaondoka bila kula.

Sasa wanasema waziwazi kwamba tuliwawekea kitu kwenye vinywaji. Mama mkwe wa mdogo wangu anapishana na mama yetu sokoni bila salamu. Shemeji amekatazwa na baba yake kukanyaga kwetu, naye, kwa kuwa ni mtu wa heshima, anatii. Mdogo wangu anakuja peke yake, anakaa kidogo, analia, anarudi. Baba mkubwa amesema hatuendi kwao mpaka waombe radhi kwa kutusingizia sumu. Mjomba anasema kwamba harusi ile ina mkosi na inapaswa kurudiwa. Mpiga video ameuliza mara mbili kama akate sehemu ya ugomvi, na maharusi wenyewe hawajakubaliana.

Huku hayo yote hayajatulia, mdogo wetu wa kiume anaoa baada ya miezi minne, na wazee wote wawili, wakikubaliana kwa mara ya kwanza, wamesema niandae mimi tena, “kama ile ya kwanza”. Je, ndoa ya mdogo wangu imekamilika kweli? Ni nani kati yetu aende kuomba radhi, na kwa lipi, wakati mimi binafsi sikumkosea mtu? Na kazi hii ya pili niikubali au niikatae?

Ni mimi, Dada Mkubwa.

*

Marahaba, mwanangu.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka, na naomba unisamehe, kwa sababu yule mfungishaji ndoa mwenye viatu mkononi alinishinda. Mara ya pili sikucheka, kwa kuwa kuna jambo ulilolipita haraka ambalo lingeweza kabisa kuigeuza barua hii kuwa ya msiba, na ndilo ninaloanza nalo kabla ya maswali yako yote.

Jambo lenyewe ni jenereta. Injini inayochoma petroli hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu, na ambayo mtu akiivuta hung’ang’ania damu yake kwa nguvu inayozidi mara 200 ile ya oksijeni, hata akawa anaendelea kupumua kama kawaida ilhali mwili wake unakosa kile anachokipumulia. Dalili za mwanzo ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na mwili kulegea. Gesi ikizidi, mtu huzimia, na anaweza kufa bila kujua kilichompata. Wazee, wajawazito, watoto wachanga na wenye maradhi ya moyo ndio wanaozidiwa upesi.

Mimi si daktari, wala sikuwapo, lakini hebu yapange upya maneno yako mwenyewe. Jenereta iliingizwa ndani ya turubai lililoteremshwa kuta. Ilikaa nyuma ya meza za watu wa bwana harusi, na ni hao hao waliougua, si ninyi mliokuwa mbali nayo. Waliugua kabla ya sahani kufika, baada ya kunywa vinywaji ambavyo ninyi pia mlikunywa na hamkudhurika. Ajuza aliyezidiwa kuliko wote alipotolewa nje kwenye hewa safi alirejewa na fahamu, akaomba maji. Sumu ya kwenye chupa haichagui watu kwa kufuata umbali wao na injini, na haimwachi mtu kwa sababu tu amebebwa hadi barazani kwa jirani.

Usihangaike kutafuta vipimo vya kulithibitisha hilo, kwa maana gesi hiyo huondoka katika damu ndani ya saa chache hadi siku moja, na sasa ni wiki ya tano. Lakini yule bibi apelekwe zahanati hata kama anasema ni mzima, na mhudumu aelezwe habari ya jenereta bila kuficha, kwa sababu aliyevuta gesi hiyo kwa wingi anaweza kuonyesha athari za kumbukumbu, mwendo au tabia siku kadhaa au wiki kadhaa baadaye, na nyumbani ikadhaniwa kwamba ni uzee. Wengine ambao vichwa viliendelea kuwasumbua waambiwe hivyo hivyo.

Unaona, basi, msimamo wa baba mkubwa unavyomponyoka mkononi. Wakwe zenu hawakuusingizia ugonjwa. Waliugua kweli, waliugulia kwenu, na waliugua kwa kitu mlichokiweka ninyi nyuma ya viti vyao. Walichokosea ni jina la kitu hicho tu. Hakuna aliyekusudia, na vijana walioivuta jenereta walikuwa wanaiokoa na mvua, lakini mtu akiugulia kwako hungoji akuombe radhi ndipo uende kumjulia hali.

Swali la ndoa kukamilika halitanichukua muda mrefu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1962, unaohusu ridhaa ya ndoa, umri wa chini wa kufunga ndoa na usajili wa ndoa, unataka wahusika wawili watoe ridhaa yao wenyewe, kwa hiari kamili, mbele ya mamlaka yenye uwezo wa kufungisha ndoa na mbele ya mashahidi, kisha ndoa iandikwe katika rejista rasmi. Humo hamna sharti la umeme, wala la utulivu wa wajomba. Mdogo wako aliapa, tena kwa bahati ya kuzimika kwa jenereta aliapa mara moja na nusu. Kinachonitia shaka ni yule kijana wa miaka 16, kwa kuwa sheria za mahali pengi humtaka shahidi awe mtu mzima, na mimi sijui ya kwenu inasemaje. Maharusi waende wenyewe kwa mfungishaji ndoa au kwa msajili, waeleze kilichotokea kama kilivyotokea, waulize nini kifanyike, na waulize pia cheti chao kiko wapi, kwa sababu katika barua yote hukutaja kwamba kuna mtu aliyekiona. Hilo lifanyike wiki hii. Asije mtu akawashauri mumwite shahidi wa awali atie saini leo juu ya tarehe ya siku ile. Hapo mtakuwa mmeligeuza kosa la haraka kuwa kosa la kughushi. Ikiwa msajili atasema saini ile ina dosari, yeye ndiye atakayeelekeza namna ya kuirekebisha, na kwa vyovyote jambo hilo humalizwa ofisini na watu wachache, bila turubai. Harusi haina haja ya kurudiwa. Mjomba akitaja mkosi, mwoneshe ilipokuwa jenereta.

Sasa nakuja kwenye radhi, na hapa nitakusema kidogo, kama mama anavyomsema mwanawe akiwa amefunga mlango.

Umeandika kwamba wewe binafsi hukumkosea mtu. Kabla ya hapo uliandika, katikati ya sentensi na bila kusimama, kwamba ni wewe uliyempelekea mshereheshaji kile kikaratasi. Nakuelewa, ulikuwa umechoka, chakula hakitoshi, usiku unaingia, na dakika mbili kwa kila msemaji lilikuwa wazo la mtu mwenye akili. Lakini amri hiyo ilimfikia mtu mmoja tu, na mtu huyo alikuwa mgeni wenu. Mtazame alivyokuwa. Ni mzee wa mji mdogo, pengine hajawahi kupewa kipaza sauti mbele ya watu 400, na amekaa usiku na kalamu akipanga atakachomwambia mwanawe siku anapotoka mikononi mwake. Kichwa kinamuuma, mama yake mzazi amebebwa nje muda si mrefu, na hata hivyo anasimama. Anafika sentensi ya tatu anapigiwa muziki. Kisha anaketi na kumsikiliza mzee mwenzake akisema nusu saa nzima kwa kipaza sauti kile kile.

Wewe unaamini kwamba waliondoka kwa sababu ya ugomvi wa wazee wenu. Mimi naona ugomvi uliwapa tu nafasi ya kuinuka bila kuulizwa. Watu wa miji midogo wameona wajomba wakigombana tangu utoto wao, na wengi wangekaa waone mwisho. Na kuna jambo jingine ambalo huenda hukulifikiria: mzee huyo hajui habari ya kikaratasi chako. Kwa macho yake, aliyemkatisha ni baba mkubwa, ili apate nafasi ya kusema yeye. Kwa wiki tano amekuwa akimchukia mtu kwa kosa ambalo hakulitenda, na baba mkubwa, ambaye ana makosa yake mengine ya kutosha, anabebeshwa na la kwako.

Kwa hiyo wa kwenda ni wewe, pamoja na mama yako. Msimpeleke mwakilishi, na msiwatume maharusi, kwani wamekwisha kubebeshwa vya kutosha. Njia ya kuingilia mnayo: nendeni kumjulia hali yule bibi. Ni vigumu kwa mtu kumfungia mlango aliyekuja kumwona mgonjwa, na mgonjwa mwenyewe, kwa jinsi alivyoamka akauliza kama bibi harusi amekula, simwoni kama ni mtu wa kinyongo. Mkishaketi, elezeni kwanza habari ya jenereta, polepole, kama watu waliokuja kuonya juu ya afya ya mzee wao na si kama watu waliokuja kushinda kesi. Kisha umgeukie baba mkwe na umwambie kwa maneno yasiyozunguka: “Baba, siku ile aliyeagiza hotuba zikatwe ni mimi. Nilikuwa nakimbizana na saa, amri yangu ikaishia kwako peke yako, nikakuaibisha mbele ya watu wako. Naomba unisamehe.” Halafu unyamaze. Usiongeze kwamba mvua ilinyesha. Usiongeze kwamba nao wamewasema vibaya. Radhi ya jumla, ile ya “kama kuna mahali tulikosea”, ibakini nayo nyumbani, maana anayeipokea hulazimika kuyataja makosa mwenyewe, na mtu mwenye heshima zake hataki kufanya hivyo.

Akinyamaza asikujibu, mwache. Amenyamazishwa mbele ya mji mzima. Ana haki ya kunyamaza kidogo nyumbani kwake.

Baba mkubwa na mjomba lazima wafike kule, kwa kuwa wao ndio walioangusha meza, lakini wasiende safari ya kwanza na, nakusihi, wasiende wote wawili katika safari moja. Baba mkubwa atangulie, siku nyingine, baada ya wewe kumweleza ukweli wa kikaratasi. Mjomba afuate. Najua nakuongezea safari, ila nadhani nawe unajua kitakachotokea wakikaa sebule moja na kuulizwa ni nani aanze kusema.

Sasa harusi ya pili. Wewe ulipewa kazi bila kupewa mamlaka. Uliruhusiwa kukodi viti ila hukuruhusiwa kukataza watu, na viti 200 vilivyokodiwa na mtu asiyeweza kumkatalia mgeni yeyote ni sawa na vile visivyokodiwa. Wazee wako wanaposema uandae “kama ile ya kwanza”, wanasema kweli kutoka mioyoni mwao: kwao ile ya kwanza ilikuwa na mpangilio mzuri, kwa sababu kila mmoja alifanya alichotaka na lawama ikapata pa kutua. Ukiikubali kazi kwa sharti hilo hilo, mwezi wa tano utaniandikia barua nyingine, nami sina hakika kama nitapata la kucheka.

Ushauri wangu ni kwamba usikubali leo. Sema utajibu baada ya kuketi na ndugu yako anayeoa pamoja na mchumba wake, kwa maana harusi ni yao, na katika mambo yote uliyonisimulia sikuona mahali ambapo mdogo wako wa kike au mumewe aliulizwa anataka nini. Wao ndio wamteue mtu wa neno la mwisho, na wamtangaze wenyewe mbele ya wazee wa pande zote mbili. Akiteuliwa mtu mwingine, shukuru Mungu, ukae mezani kama dada wa bwana harusi. Ukiteuliwa wewe, dai fedha zote zipite mfuko mmoja ulio mikononi mwako, na kila anayekodiwa, kuanzia mpishi hadi mwenye spika, aambiwe kwa maandishi kwamba anachukua maelekezo kwako tu na atalipwa na wewe tu. Mshereheshaji wa pili hawezi kutokea mahali ambapo hakuna wa kumlipa. Wazee wapewe heshima iliyo na mipaka: kila mmoja awe na nafasi yake ya kusema iliyoandikwa kwenye ratiba kwa dakika, iliyo sawa na ya wakwe, na wakwe watangulie. Mzee asiyekubali hilo miezi minne kabla hatakubali siku yenyewe, na ni heri ulijue sasa.

Kuhusu wingi wa watu, usijidanganye kwamba kadi zitakusaidia, kwa kuwa katika mji wenu habari ya harusi yenyewe ndiyo mwaliko. Tenganisheni mambo mawili. Ndoa ifungwe mahali pa wazi ambapo mji mzima unaweza kusimama, kuona, kushangilia na kurudi nyumbani, na chakula kiliwe kwingine, saa nyingine, na wale ambao majina yao yameandikwa. Jambo hilo litangazwe mapema bila aibu, kwa sababu watu huudhika zaidi wanapokuta sahani zimekwisha kuliko wanapojua tangu mwanzo kwamba hawakupangiwa. Anayetaka kuongeza mtu kwenye orodha aje na gharama ya mtu huyo mkononi. Utashangaa jinsi wageni wa baba mkubwa watakavyopungua.

Mpeni mfungishaji ndoa mahali pa kulala mjini tangu jana yake. Mashahidi wawe wawili kwa kila upande, na yeyote kati yao asitumwe popote, hata kama nyumba inaungua. Jenereta ikae nje, angalau mita 6 kutoka turubai na milango, upepo ukiuchukua moshi mbali na watu, nayo ijengewe kibanda chake kilicho wazi pande zote. Mvua ikishinda kibanda, basi izimwe na watu waimbe. Na wapishi waambiwe muda halisi. Shirika la Afya Duniani, katika kanuni tano za usalama wa chakula lilizozitoa mwaka 2001, linataka chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili katika joto la kawaida, na kinachosubiri kuliwa kiwekwe katika joto linalozidi nyuzi 60 za Selsiasi, kwa sababu kati ya nyuzi 5 na 60 vijidudu huongezeka haraka. Safari iliyopita mlipona kwa kuwa chakula kilikuwa bado jikoni. Mkitia ugonjwa wa tumbo juu ya habari inayozungumzwa sasa mjini kwenu, hakuna atakayekubali maelezo yoyote tena.

Limebaki la video. Mwambie mpiga video asifute kitu. Maharusi wapewe nakala nzima waiweke, na itengenezwe nyingine fupi ya kuonyesha watu, ambamo meza ya zawadi inaweza kukatwa bila hasara. Lakini asianze kukata kwanza. Mlango ukishafunguka kati yenu, mdogo wako na mumewe wamwombe baba mkwe awasomee hotuba yake yote, nyumbani kwake, ameketi, bila kipaza sauti wala mshereheshaji, na mpiga video awepo airekodi ili iingizwe mahali pake, baada ya zile sentensi tatu. Karatasi anazo bado, nadhani. Umeniambia kwamba alizikunja akazirudisha mfukoni. Hukuniambia kwamba alizichana.